Rayearth: Wasichana Watatu na Dunia Inayobebwa na Mtu Mmoja

Mnara wa Tokyo ulifunguliwa mwaka 1958. Una urefu wa mita 333, na tangu hapo wanafunzi wa Japani hupelekwa kule katika ziara za shule, wapande juu wautazame mji. Hapo ndipo inapoanzia hadithi ya Magic Knight Rayearth, manga (katuni ya kitabuni) iliyokuja kuwa anime (katuni ya televisheni). Wasichana watatu wa miaka 14, kila mmoja na sare ya shule yake, hakuna amjuaye mwenzake, wamekutana mnarani siku moja bila kupanga. Ghafla mwanga mkali unatanda, sauti ya mwanamke inaomba nchi yake iokolewe, na sakafu inatoweka chini ya miguu yao. Wakifumbua macho wanajikuta wanaporomoka kutoka angani. Samaki mkubwa arukaye anawadaka. Mbele yao kuna mlima unaoelea hewani, bahari, na volkano inayofoka moto, na hakuna hata mmoja kati yao anayekumbuka kuyaona hayo katika somo la jiografia.

Nchi hiyo inaitwa Cephiro. Anayewapokea ni Clef, mjuzi mkuu wa nguvu za ajabu, mwenye sura ya mvulana mdogo na umri wa miaka 745. Anawaeleza kwamba Binti Mfalme Emeraude, ambaye sala zake ndizo zinazoishikilia Cephiro, ametekwa na kuhani mkuu aitwaye Zagato. Hadithi za kale zasema nchi ikifikwa na janga kama hilo wataitwa mashujaa watatu kutoka dunia nyingine. Mashujaa wenyewe ndio hao, na hawatarudi kwao mpaka kazi iishe.

Mpenzi yeyote wa anime akifika hapo anajua anachotazama. Mwanafunzi wa kawaida anachukuliwa kwenda dunia ya ajabu, anapewa nguvu, anapambana na mwovu, anarudi nyumbani. Siku hizi hadithi za namna hiyo zimejaa kila mahali. Lakini Rayearth ni ya mwaka 1993, na waandishi wake walikuwa na jambo jingine akilini.

Waandishi hao ni CLAMP, kundi la wanawake wanne: Nanase Ohkawa, anayetunga hadithi, pamoja na wachoraji Mokona, Tsubaki Nekoi na Satsuki Igarashi. Walianzia Kansai, magharibi mwa Japani, wakiwa vijana waliochora manga, wakichapisha vijitabu vyao wenyewe na kuviuza kwa wapenzi wenzao. Wakati huo kundi lilikuwa na watu wengi zaidi. Mwaka 1989 waliingia katika kazi ya kulipwa kwa manga ya RG Veda, na miaka michache baadaye jarida la Nakayoshi la kampuni ya Kodansha likawafungulia mlango. Nakayoshi ni jarida la wasichana wadogo, limekuwapo tangu miaka ya 1950, na wakati huo ndilo lililokuwa likichapisha Sailor Moon. Kuwapa nafasi watunzi wa RG Veda, manga iliyojaa damu na miungu inayochinjana, katika jarida la watoto wa shule ya msingi ilikuwa kamari. Ililipa. Rayearth ilitoka kwa awamu mbili kati ya 1993 na 1996, juzuu tatu kila awamu.

Ohkawa na wenzake walichanganya vitu ambavyo kwa kawaida vilitengwa. Hadithi za wasichana wenye nguvu za ajabu ziliwekwa upande wa wasichana. Majitu ya chuma yanayoendeshwa na rubani aliye ndani yaliwekwa upande wa wavulana. Michezo ya kompyuta ya safari na vita, ile ambayo mchezaji anaanza dhaifu kisha anapanda ngazi kwa ngazi, ilikuwa imeishika Japani nzima tangu Dragon Quest itoke mwaka 1986. Rayearth ilivichukua vyote vitatu. Wasichana wana sare za shule, juu yake wamevaa mavazi ya vita yanayobadilika kadiri wenyewe wanavyokomaa, na mwisho wa safari kila mmoja analiamsha jitu lake la vita: Rayearth wa moto, Selece wa maji, Windam wa upepo. Wao wenyewe wanaona jinsi mambo yao yanavyofanana na gemu, na hawaoni haya kulisema.

Wahusika watatu wamechorwa kwa mistari michache lakini wanasimama. Hikaru Shidou ni mfupi kiasi kwamba watu humdhania mtoto wa shule ya msingi. Amelelewa na kaka watatu katika nyumba yenye ukumbi wa mchezo wa panga, na kwa hiyo upanga ndio silaha yake. Umi Ryuuzaki ni mtoto wa pekee wa watu wenye uwezo, mrembo na mwepesi wa hasira, na mwanzoni analalamika kuhusu kila kitu. Kwao amejifunza kupigana kwa upanga mwembamba wa Kizungu. Fuu Hououji ana miwani, ana adabu ya kupitiliza, na akili yake inakwenda mbio kuliko ya wenzake. Yeye ni mpiga upinde. Uzuri wa sura za mwanzo uko katika ugomvi wao mdogo mdogo, kwa sababu urafiki unajengwa mbele ya macho ya msomaji badala ya kutangazwa.

Kuna mzaha mmoja ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuung'amua haraka kuliko wasomaji wa nchi nyingine nyingi. CLAMP waliwapa wahusika na mahali pao majina ya magari. Cephiro ni Nissan Cefiro. Mcheza ngoma anayewavizia wasichana anaitwa Caldina, jina la Toyota ambayo imepita katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala miaka na miaka, ikibeba abiria, magunia ya mkaa na familia nzima zinazokwenda msibani. Windam ni Toyota Windom, na Selece ni Toyota Ceres. Presea, fundi wa silaha, amechukua jina la Nissan Presea. Ferio na Ascot ni Honda, Alcyone ni Subaru, Lantis ni Mazda. Hata binti mfalme mwenyewe ni Mitsubishi Emeraude. Kwa kuwa magari hayo yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na huku kwetu yakaja yakiwa yametumika kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kuna mafundi wa gereji wanaoweza kuisoma orodha ya wahusika wa Rayearth kama wanavyosoma orodha ya vipuri.

Kampuni ya Tokyo Movie Shinsha, ijulikanayo kama TMS, ilitengeneza anime yake chini ya uongozaji wa Toshihiro Hirano. Kipindi cha kwanza kilirushwa Jumatatu, Oktoba 17, 1994. Msimu wa kwanza ulikuwa na vipindi 20, wa pili 29, na cha mwisho kikarushwa Novemba 27, 1995. Wimbo wa kufungulia, ulioimbwa na Naomi Tamura, uliuza nakala zaidi ya milioni moja, nao ungali ukiimbwa katika vyumba vya karaoke na watu wenye watoto wakubwa. Anime ilifuata njia ya manga kwa jumla, ila iliongeza maumivu mahali fulani. Presea, kwa mfano, anakufa baada ya kukamilisha silaha za wasichana, na wao wanaendelea na safari wakiwa na silaha ambazo kila wakizishika zinawakumbusha aliyezitengeneza.

Asiyetaka kujua mwisho wa awamu zote mbili aruke aya nne zinazofuata.

Emeraude hakutekwa. Yeye ndiye Nguzo ya Cephiro: mvua, jua, amani, vyote vinatokana na sala yake, na Nguzo haina ruhusa ya kufikiria kitu kingine isipokuwa nchi. Kosa lake ni kwamba alimpenda Zagato. Kila alipomwaza, uzi wa sala ulikatika, na nchi ikaanza kupasuka na kuzaa mazimwi. Nguzo haiwezi kujiua, wala hakuna mtu wa Cephiro anayeweza kumdhuru. Kwa hiyo alijifungia mwenyewe, akaita mashujaa kutoka dunia nyingine, watu ambao sheria ya nchi haiwafungi, waje wamuue. Zagato, yule aliyeitwa mwovu, alikuwa akijaribu kuwazuia wauaji wa mpenzi wake wasifike.

Wasichana wanayajua haya wakiwa wamekwisha kumuua Zagato. Emeraude, kwa uchungu, anawageukia kwa silaha. Wao hawataki kupigana, wanamsihi, wanakwepa, mpaka ile sehemu yake ambayo bado ina akili inawaomba wamalize kazi waliyoitiwa. Wanaimaliza. Mwanga unatanda tena, na wamesimama juu ya Mnara wa Tokyo, muda uleule walioondoka, wenzao wa shule wakizungumzia mwanga wa ajabu uliopita dirishani. Watatu hao wanaanguka kwa kilio katikati ya watu, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kueleza.

Fikiria jarida hilo likiwa mikononi mwa mtoto wa miaka tisa. Hajaambiwa kwamba wema umeshinda. Ameambiwa kwamba mashujaa walitumiwa, na kwamba amani ya nchi nzima ilikuwa imejengwa juu ya mgongo wa msichana mmoja asiyeruhusiwa kupenda. Sababu ya Rayearth kukumbukwa, wakati kazi nyingine za miaka ile zimefunikwa na vumbi, iko hapo hapo. Majitu ya vita ni mazuri kutazama, lakini hakuna anayelia kwa ajili yao.

Awamu ya pili inawarudisha wasichana Cephiro, ambayo sasa inasambaratika kwa kukosa Nguzo, huku nchi tatu za jirani, Autozam, Chizeta na Fahren, zikinyemelea kuitwaa. Ni ndefu, ina watu wengi mno, na katika anime katikati inazunguka bila sababu. Hata hivyo swali lake ni zuri. Nguzo mpya itapatikana; je, apatikane? Lantis, mdogo wake Zagato, anataka mfumo wote uvunjwe. Eagle, kamanda wa Autozam, yuko tayari kujitoa mwenyewe ili auvunje. Hatimaye ni Hikaru anayechaguliwa, na jambo la kwanza analolitaka akiwa Nguzo ni kwamba kusiwe na Nguzo tena, watu wote wa Cephiro waibebe nchi yao pamoja. Kwa kitabu cha watoto, hiyo ni siasa ya wazi kabisa.

Rayearth haikuwa peke yake. Miaka ileile Fushigi Yuugi ya Yuu Watase ilimwingiza msichana wa shule ndani ya kitabu cha China ya kale, na mwaka 1996 Escaflowne ikamtupa mwanafunzi mwingine katika vita vya majitu. Inuyasha ya Rumiko Takahashi, ambayo vijana wengi wazungumzao Kiswahili wanaifahamu, ilianza mwaka huohuo na msichana anayetumbukia kisimani. Mhusika mkuu katika hadithi hizo mara nyingi alikuwa msichana, na dunia ya pili ilimdai zaidi ya ilivyompa.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 2004, ulipoanzishwa mtandao wa Shosetsuka ni Naro, ambako mtu yeyote Japani angeweza kuweka hadithi yake na wasomaji wakaipandisha au kuiacha. Wachapishaji walichukua zilizopendwa, na zilizopendwa zilifanana. Kijana mpweke, mara nyingi mvulana, anaamka katika dunia nyingine akiwa na uwezo usio wa kawaida. Kuna kazi nzuri humo: Re:Zero inamfanya mwanafunzi wake afe tena na tena mpaka majivuno yamwishe, na Arifureta inalihamisha darasa zima kisha inaonyesha jinsi wanafunzi wanavyogeukana. Lakini wingi ulichosha. Mwaka 2017 kampuni kubwa ya uchapishaji ya Kadokawa iliendesha shindano la hadithi lililokataza waziwazi mhusika kuhamia dunia nyingine. Ukiziweka nyingi za hizo kando ya Rayearth unaona upungufu wao mara moja, kwani dunia mpya iko pale kumfurahisha mgeni, na hakuna anayeuliza wenyeji wake wanaishije.

Nje ya Japani, Rayearth ilifika Marekani mwaka 1997 katika jarida la MixxZine, bega kwa bega na Sailor Moon. Gemu yake ya mashine ya Sega Saturn ilitoka kwa Kiingereza Desemba 1998, ikiwa ya mwisho kabisa kuuzwa Amerika Kaskazini kwa mashine hiyo. Mokona wa hadithi hii, kiumbe mweupe wa duara aliyepewa jina la mchoraji wake, alihamia katika kazi nyingine za CLAMP, Tsubasa na xxxHolic, na huko ndiko wengi walikomfahamu kwanza.

Mwaka 2024, anime ilipotimiza miaka 30, Kituo cha Taifa cha Sanaa cha Tokyo kiliandaa maonyesho makubwa ya michoro ya CLAMP, na TMS ikatangaza kwamba inatengeneza anime mpya ya Rayearth. Anayetaka kuijua Rayearth ya awali aanze na juzuu tatu za mwanzo za manga, au vipindi 20 vya kwanza, na awamu ya pili aifuate akiwa na subira. Wazazi nao wasidanganywe na rangi za kupendeza na yule Mokona: kipindi cha 20 mtoto mdogo asitazame peke yake. Kaeni naye, kwa sababu atauliza kwa nini binti mfalme ilibidi afe.