Karakana ya Uani, Kazi ya Mikono ya Asiye Fundi

Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896, katika banda la matofali nyuma ya nyumba ya kupanga kwenye barabara ya Bagley mjini Detroit, Marekani, mhandisi mmoja wa kampuni ya umeme alimaliza kuunda gari lake la kwanza. Lilikuwa na injini ndogo ya petroli na magurudumu manne mfano wa yale ya baiskeli. Alipotaka kulitoa nje alikuta mlango ni mwembamba kuliko gari. Akashika shoka, akabomoa matofali, gari likatoka. Mhandisi huyo ni Henry Ford.

Tangu hapo Wamarekani wengi wamejijengea banda la namna hiyo uani: gari upande mmoja, meza ya kazi upande wa pili, vifaa vimening'inizwa ukutani. Hapo mwanzo lilisimama mbali na nyumba kwa sababu lilirithi nafasi ya zizi la farasi, na kwa sababu watu waliogopa petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kulipuka ukikutana na cheche. Kwa karakana faida ya umbali huo bado ipo, kwa kuwa kelele za msumeno, vumbi la mbao na harufu ya rangi havifiki chumbani kwa waliolala.

Mabanda hayo yamezaa mambo makubwa. Mwaka 1938, Bill Hewlett na David Packard, waanzilishi wa kampuni ya Hewlett-Packard, walianza kazi kwenye gereji ya 367 Addison Avenue, Palo Alto, California, yenye upana wa mita 3.7 na urefu wa mita 5.5 hivi. Mtaji wao ulikuwa dola 538. Humo waliunda kifaa cha kutoa mawimbi ya sauti kwa ajili ya vipimo, na studio ya Walt Disney ikanunua vifaa vinane vya aina hiyo wakati wa kutayarisha filamu ya Fantasia. Disney mwenyewe, alipofika Los Angeles mwaka 1923, alianzia kwenye gereji ya mjomba wake. Gereji hiyo imehifadhiwa hadi leo kwenye jumba la makumbusho huko Garden Grove, California.

Lakini banda lenyewe hujengwaje, tena na mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni ualimu au uhasibu?

Jibu linaanzia Chicago katika miaka ya 1830. Kabla ya hapo, nyumba ya mbao ilihitaji maboriti mazito yaliyounganishwa kwa kuchongwa, kazi ya seremala aliyebobea. Chicago ilikuwa inakua haraka, mafundi hawatoshi, huku viwanda vikitoa mbao nyembamba na misumari ya bei nafuu. Wajenzi wakaacha maboriti, wakasimamisha nguzo nyingi nyembamba zilizokaribiana na kuzipigilia misumari. Watu wawili wenye nyundo na msumeno waliweza kuinua ukuta. Gereji ya leo bado inafuata njia hiyo. Nguzo zake ni mbao za inchi 2 kwa 4, ambazo baada ya kukaushwa na kupigwa randa hubaki milimita 38 kwa 89, na husimama kila baada ya sentimita 40.6. Kipimo hicho kina sababu: plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ikibandikwa, ukingo wake huangukia katikati ya nguzo bila kukatwa.

Kazi ya kwanza ni kamba na vigingi. Ili kupata pembe mraba, mjenzi hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa mita 5 kamili, kona imenyooka. Kisha hupima kutoka kona hadi kona, kimshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, msingi uko sawa. Kosa la sentimita mbili likiachwa hapa hupanda na ukuta hadi kwenye paa, na huko juu mabati hayakubali kukaa.

Inafuata sakafu, na hapa ndipo wajenzi wengi wapya wanapoponzwa. Sakafu ya mita 6 kwa 7, yenye unene wa sentimita 10, inahitaji zege la mita za ujazo 4.2, ambalo uzito wake ni tani 10 hivi. Likichanganywa kwa kipimo cha moja, mbili, nne (saruji, mchanga, kokoto), litakula mifuko kama 27 ya kilo 50. Kuchanganya kiasi hicho kwa koleo kwa siku moja ni kazi ya kikosi. Ndiyo maana Wamarekani wengi huagiza lori la zege, na kwa desturi lori hilo linatakiwa limalize kumwaga ndani ya dakika 90 tangu maji yaingie.

Watu husema zege limekauka. Ukweli ni kwamba zege halikauki, linakomaa. Saruji hukamata maji na kuyafanya sehemu ya umbo jipya, utomvu mgumu unaojaza nafasi kati ya mchanga na kokoto, na joto hutoka wakati huo. Wahandisi wa bwawa la Hoover huko Marekani, katika miaka ya 1930, walilazimika kupitisha mabomba ya maji baridi ndani ya zege ili kulipoza. Zege la gereji halifikii huko, ila kanuni ni ileile: likinyimwa maji siku za mwanzo, ukomavu hukoma njiani. Kwa hiyo hufunikwa kwa nailoni au humwagiliwa kwa wiki moja. Baada ya siku 7 huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28.

Maji yakizidi kwenye mchanganyiko, hasara ni kubwa vilevile. Saruji inahitaji kiasi fulani tu cha maji kwa kazi hiyo ya kikemia, na kinachoongezwa ni cha kulainisha tu. Maji ya ziada hutoka taratibu na kuacha vinyweleo. Mtafiti wa zege Duff Abrams aliyaeleza hayo huko Chicago mwaka 1918: kadiri maji yanavyozidi saruji, ndivyo nguvu inavyopungua. Na kwa kuwa zege husinyaa, litapasuka tu. Mjenzi mwerevu hulichagulia pa kupasukia, akikata mifereji yenye kina cha robo ya unene, kila baada ya mita 2.5 hadi 3, mapema kabla nyufa hazijajitokea zenyewe.

Ukuta ukishasimama, adui si uzito tena bali upepo. Fremu ya pembe nne, hata ikiwa na misumari mingi, husukumwa ikalala upande. Plaiwudi ikipigiliwa juu yake, ubao mzima huzuia kona zisijikunje. Nao ukuta hufungwa kwenye sakafu kwa bolti zilizozikwa ndani ya zege likiwa bado bichi, umbali wa mita 1.8 au pungufu kati ya moja na nyingine.

Mahali dhaifu kuliko pote ni mlango, maana ndio tundu kubwa kuliko yote. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida ya kusini mwezi Agosti 1992, wachunguzi waliona nyumba nyingi ambazo mlango wa gereji ulianza kusalimu amri. Upepo ulipoingia ulisukuma paa kutoka ndani, huku ule wa juu ukilivuta, paa likang'oka. Springi zinazouinua mlango huo nazo huhifadhi nguvu ya kutosha kuvunja mkono, kwa hiyo hata mjenzi hodari hufanya vyema kumwachia fundi wa milango kazi ya kuzikaza.

Umeme huja mwishoni, nao hukumbusha habari ya sakafu. Zege lina unyevu kila wakati, na lenye unyevu hupitisha umeme hadi ardhini. Mtu aliyeshika keekee yenye waya uliochubuka, viatu vyake vimelowa, anakuwa njia ya mkondo. Tangu mwaka 1978 kanuni za umeme za Marekani zinataka soketi za gereji ziwe na kinga maalumu. Kinga hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifikia kama miliampea 5 tu, hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujapoteza mapigo yake.