Jeraha la Ubongo: Tusimhukumu Mgonjwa kwa Macho

Barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania hupita katika mji wa Migori, na pikipiki za abiria ni nyingi huko. Mtu akianguka na kugonga kichwa, watu hukusanyika, na wengine husema upesi: “Huyu amelewa,” au, “Ni malaria.” Maneno hayo yaweza kumwua mtu.

Ubongo ni laini, nao umefungiwa ndani ya fuvu gumu lisilotanuka. Kichwa kikigongwa, mshipa waweza kupasuka ndani bila ngozi kuchanika. Damu hukusanyika kidogo kidogo na kuukandamiza ubongo. Kwa hiyo mtu aweza kuzimia, akaamka, akazungumza vizuri, kisha baada ya saa chache akashikwa na usingizi usioamshika.

Wagusii, jirani za watu wa Migori, walijua tangu zamani ya kuwa pigo la kichwa laweza kuleta taabu ya siku nyingi. Waganga wao waitwao ababari walipasua ngozi na kukwangua mfupa wa mtu aliyeumwa kichwa baada ya kupigwa. Lakini hawakuweza kuona yaliyo ndani. Mwaka wa 1971, mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT, na tangu hapo daktari aweza kujua damu ilipo kabla hajashika kisu. Mwaka wa 1974 Teasdale na Jennett wa Glasgow walitoa kipimo kisichohitaji mashine: mgonjwa hupewa alama 3 hadi 15 kwa jinsi afumbuavyo macho, asemavyo na ajongezavyo viungo. Alama zikishuka, ni hatari.

Katika nchi za Ziwa, malaria nayo huweza kuzimisha mtu, na vivyo hivyo upungufu wa sukari mwilini. Ndiyo sababu damu hupimwa. Lakini hata vijidudu vya malaria vikionekana, pigo lisisahauliwe, kwani mtu aweza kuwa na yote mawili.

Basi aliyeona ajali aende hospitali pamoja na mgonjwa, aeleze saa yake, kama alizimia, na kama alitapika.

Kupona huchukua miezi, pengine miaka. Mgonjwa aweza kusahau au kukasirika ovyo. Hiyo si chira wala wazimu. Jamaa zake wamfundishe tena polepole, kwa maana sehemu nzima za ubongo huweza kujifunza kazi za zile zilizoumia.