Mkono Mtupu Haulambwi

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba mkulima anayeiuzia Serikali karafuu zake hufanya hivyo kwa kuipenda nchi, na kwamba yule anayevusha magunia usiku kwa mashua haipendi. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Mapenzi ya nchi ni jambo tukufu, lakini hayajapata kumlipa mchumaji ujira wake wala kumnunulia mtoto daftari la shule.

Uhusiano wa mkulima na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, lililoundwa mwaka 1968, ni uhusiano wa nipe nikupe. Shirika halina karafuu ya kusafirisha mpaka mkulima apande mti. Na mkulima kwa sheria hana mnunuzi mwingine. Mke na mume huweza kuvumiliana kwa mapenzi. Mkulima na mnunuzi huvumiliana kwa mizani.

Kwa miaka mingi mizani hiyo ililemea upande mmoja. Mkulima alipewa sehemu ndogo ya bei ya dunia, na matokeo yake kila mtu Pemba aliyaona: karafuu zikavuka bahari kwenda Mombasa, na mikarafuu iliyozeeka ikaachwa ife bila ya kupandwa mingine. Hotuba za uzalendo hazikuyazuia hayo. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha bei hadi shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ikaahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Magendo yakapungua. Doria nazo ziliimarishwa, lakini doria zilikuwapo tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni bei.

Hata hivyo, nipe nikupe ina pande mbili. Mkulima anayechanganya karafuu na makonyo na mpeta, au anayezianika juu ya lami badala ya jamvi, anaiharibu sifa ya zao ambalo yeye mwenyewe hulitegemea. Hawezi kudai bei ya daraja la kwanza kwa mali ya daraja la tatu.

Kwa upande wa watendaji wa Serikali, tunawakumbusha kwamba maslahi hayapimwi kwa msimu mmoja. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuchumwa. Anayepanda mche leo hana budi kuamini kwamba ahadi ya leo itakuwa hai siku hiyo. Bei ikipunguzwa bila ya maelezo, au malipo yakichelewa kituoni, mkulima mnyonge hurudi kwa tajiri wa kijijini na kumwekea rehani mikarafuu yake kabla ya msimu. Huo nao ni uhusiano wa maslahi, ila maslahi yake ni ya mmoja tu.

Basi tunatoa wito kwamba bei ya dunia na hesabu ya fungu la mkulima vibandikwe wazi katika kila kituo cha kununulia, kuanzia Mkoani hadi Micheweni, ili kila mtu ajionee. Hatuombi Serikali impende mkulima, wala mkulima aipende mizani. Tunaomba mizani isome sawasawa. Wanaotendeana haki katika biashara aghalabu huishia kuheshimiana, na heshima hiyo yatosha.