Ampli ya taa kanisani: tulichojifunza kabla ya kuuza moja na kununua nyingine



Tangu mwaka jana swali moja limenifikia mara tatu, mara mbili kutoka kwa ndugu wa Kivu na mara moja kutoka hapa kwetu Katanga. Ndugu aliyehamia Marekani anataka kulitumia kanisa lake la zamani ampli ya gitaa. Tena si ampli ya kila siku, ni ile ya taa, ambayo mafundi wetu wanaiita ya lampe, iliyotengenezwa kwa mkono na fundi mmoja katika karakana ndogo. Je, tuipokee? Na tukiipokea, ni kweli inapita zile za dukani? Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jambo hilo karibu ligawanye kamati na korali kwetu.

Mhandisi mmoja mgeni aliyefanya kazi mgodini aliabudu nasi miaka miwili. Mkataba wake ulipokwisha alituachia ampli yake: wati 22, sanduku la mbao, nzito kama mfuko wa saruji uliobaki nusu. Kijana wetu wa gitaa alipoichomeka mara ya kwanza alicheka peke yake. Papa mhasibu naye alichukua simu, akatafuta bei yake: dola 3,000 hivi. Ilikuwa mwezi wa tisa. Mvua za Lubumbashi zinakuja mwezi wa kumi na moja, na nusu ya jengo letu haikuwa na manjanja. Mnaweza kukisia kikao cha kamati kilichofuata.

Kwanza, taa hiyo ni nini? Ni chupa ndogo ya kioo iliyotolewa hewa yote. Ndani kuna waya unaowashwa mpaka uwe mwekundu, na umeme unaruka kutoka hapo kwenda kwenye bati lililo upande wa pili. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza wavu katikati. Sauti dogo ya gitaa ikigusa wavu huo, inautawala mto mkubwa wa umeme unaopita, kama mtoto anavyofunga na kufungua bomba la maji. Redio za babu zetu zilifanya kazi hivyo. Mwaka 1947 ikaja transista, ndogo, baridi, isiyokufa upesi, na karibu ulimwengu wote ukaacha taa. Wapiga gitaa walikataa.

Walikataa kwa sababu moja kubwa. Ukiisukuma transista kupita nguvu yake, sauti inakatwa ghafula, inakwaruza sikio. Taa ikisukumwa inalegea polepole. Sauti inanenepa kwanza, halafu inaanza kupasuka kwa utamu. Mpiga gitaa anayajua hayo kwa vidole: akigusa waya kwa upole sauti ni safi, akipiga kwa nguvu inanguruma, bila kugeuza kitufe chochote.

Sasa kuhusu hizo za mkono. Ukifungua nyingi kati yake utakuta ni wajukuu wa michoro michache ya zamani. Mmoja ni wa Fender Bassman ya miaka ya 1950, ambayo Jim Marshall, mwenye duka la vyombo huko Hanwell, London, aliifuata kwa karibu sana alipoanza kuunda zake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwingine ni wa Vox AC30 ya Waingereza; kampuni ya Matchless, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989, ilijulikana kwa ampli ya wati 30 yenye damu hiyo hiyo. Ken Fischer, aliyefariki mwaka 2006, alizipa ampli zake za Trainwreck majina ya wanawake badala ya namba. Alexander Dumble wa California, aliyefariki mwaka 2022, alimwaga gundi ngumu juu ya vipande vya ndani ili mtu asione alivyoviunganisha, na leo ampli zake zinauzwa zaidi ya dola 100,000. Mimi ni mchungaji, si fundi, lakini hiyo gundi inanisumbua. Kitu kisichoweza kufunguliwa hakifai Katanga.

Unalipia nini basi? Transfoma nene, spika nzuri, mbao za kweli, saa nyingi za kulehemu waya mmoja mmoja, na jina. Vitu vinne vya kwanza vina thamani hata kwetu. Waya ukilehemiwa kwa mkono, fundi yeyote wa redio za zamani anaufuata kwa macho na kubadilisha kipande kilichoungua. Ampli za kiwandani mara nyingi zina ubao mmoja mwembamba uliochapwa njia za umeme, na taa zimechomekwa juu yake. Joto linaupika ubao mwaka hadi mwaka, na ukipasuka ni kazi ngumu.

Siku moja ya posho tukafanya jaribio. Tuliazima kwa kanisa jirani ampli ya taa ya kiwandani, wati 15, na tukaleta ya tatu, ile yetu kuukuu ya transista. Zote tukaziweka nyuma ya pazia. Kijana yule yule, gitaa lile lile, wimbo ule ule. Mama wa korali na wazee wa kanisa walikaa kwenye viti na karatasi, waandike ni ipi iliyowapendeza.

Ndugu zangu, mkijaribu, msisahau jambo hili: sauti zote zilingane kwa ukubwa. Sikio linadanganyika, ile inayolia kwa nguvu kidogo zaidi huonekana bora hata kama si bora. Tulipima kwa programu ya simu, tukarekebisha mpaka zote zikasoma karibu sawa. Wala msitishwe na wati. Wati 30 si mara mbili ya wati 15 masikioni. Ili mtu asikie sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati karibu mara kumi. Tofauti ya 15 na 30 ni ndogo kuliko tofauti ya spika mbili.

Na spika ndiyo iliyotushangaza. Tulipoiunganisha ampli ya mhandisi na spika ya ile ya kiwandani, karibu nusu ya uzuri wake ilitoweka. Tulipofanya kinyume, ile ya bei nafuu ilipanda cheo ghafula.

Matokeo? Walipopigiwa kwa nguvu, karibu wote walitenga ile ya transista. Kwa upole, kama tunavyopiga wakati wa maombi, hakuna aliyeweza kuzitenga zote tatu bila kukosea. Na kati ya zile mbili za taa, kura ziligawanyika. Mama mmoja aliandika kwamba zote ni moja na tunampotezea asubuhi yake.

Lakini sitasema uongo. Mimi pia napiga gitaa, na zamu yangu ilipofika nilihisi tofauti. Ile ya mkono ilijibu vidole upesi zaidi, kama mtu anayekusikiliza. Waliokaa kwenye viti hawakuisikia tofauti hiyo. Aliyeipata ni mpigaji. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipokuwa: kijana hakuwa anajivuna, na papa mhasibu hakuwa kiziwi.

Kuna jambo lingine la kwetu hapa. Gitaa la Katanga halikuzaliwa na ampli. Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na kidole cha shahada: besi inatembea chini, wimbo unacheza juu, na kila sauti inajitegemea. Mtindo huo, na sebene ya Kinshasa pia, unataka sauti safi. Mngurumo ukiingia, besi na wimbo vinakuwa uji. Sifa kubwa ya ampli ghali imejengwa juu ya namna zinavyopasua sauti, na sisi tunatafuta isipasuke. Ndiyo maana ampli ya transista kama Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, imependwa miaka yote hii na watu wanaotaka gitaa safi. Kanisa lenye ampli nzuri ya transista halina upungufu mbele za Mungu wala mbele ya korali.

Sasa kuranti. Waya ndani ya taa nyingi unahitaji volti 6.3, na mafundi wanavumilia asilimia kumi juu au chini. Maana yake ukutani iwe kati ya volti 198 na 242. Jioni moja nilipima kwetu nikakuta 170. Hapo taa inapata chini ya volti 5: sauti inafifia, na ikiendelea hivyo taa inaharibika. Kuranti ikirudi baada ya kukatika inaweza kuruka juu, na hapo ni fyuzi ikiwa una bahati. Bila stabilizeta msiwashe ampli ya taa. Mkitumia jua na betri, kumbukeni pia kwamba ampli ya wati 22 inakula wati 100 na zaidi, hata kama hakuna anayepiga.

Kwa ndugu wanaotumiwa ampli kutoka Marekani: someni kibao cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kule umeme ni volti 120, kwetu 220. Kanisa moja ninalolijua lilichomeka bila kusoma, na moshi ukatoka kabla ya wimbo wa kwanza. Transfoma ya kushusha inasaidia, lakini umeme wa kule ni hezi 60 na wetu 50, kwa hiyo transfoma ya ampli iliyoundwa kwa ajili ya kule peke yake itapata joto zaidi. Aulizwe mtumaji kama inaweza kubadilishwa iwe ya 220. Ile iliyoungua ilisukwa upya hapa mjini na fundi anayesuka mota za migodi. Shaba ya Katanga ilikwenda ng'ambo, ikarudi kama waya, na mzee huyo akaizungusha kwa mkono siku mbili.

Na tafadhali, vijana wasifungue ampli ya taa. Ndani kuna volti 300 mpaka 450, na kondensa, yale makopo madogo yanayotunza umeme, yanaweza kubaki yamejaa hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia niligusa moja, nikajikuta nimekaa sakafuni, mkono hauna hisia. Kama ingepita kifuani, msingesoma makala hii.

Kwetu iliamuliwa hivi. Tulimwandikia mhandisi, akajibu kwamba zawadi ikishatolewa ni ya waliopewa. Tukaiuza kwa mwanamuziki wa mjini, dola 1,900. Fedha hizo zilinunua manjanja ya upande wa kushoto, ampli ndogo ya taa ya wati 15 iliyotumika, stabilizeta, na taa za akiba, kwa sababu leo taa nyingi zinatoka Slovakia, Urusi na Uchina na hapa mjini huzipati dukani. Kama tusingekuwa na mzee anayejua kulehemu, ningeshauri transista bila kufikiri mara mbili.

Kijana wa gitaa hakuja ibadani siku mbili za yenga. Nilikwenda kwao, tukakaa nje, hatukuongea sana habari za ampli. Amerudi. Ile ndogo ameiweka juu ya kiti, imeinama nyuma kidogo ili imwelekee masikioni, na wazee wanasema gitaa linasikika vizuri. Aliomba kitu kimoja tu: yule mwanamuziki siku akitaka kuiuza, tumjulishe yeye kwanza.