Hamira Inamfunza Nini Mtoto

Jaribio la jikoni linalopendwa sana na watoto ni la kumimina siki juu ya magadi: povu linafoka, wanashangilia, basi. Sina ugomvi na povu, ila halimwachii mtoto kazi zaidi ya kutazama. Hamira inafaa zaidi, hata kwa mtoto wa miaka mitano, kwa kuwa inamtaka abashiri, asubiri, kisha alinganishe. Unga uwe uleule, hamira ileile, sukari kidogo. Kinachobadilika ni maji ya kuloweka hamira: baridi, ya uvuguvugu, na ya moto wa kuunguza, ambayo humiminwa na mtu mzima. Kabla ya kukanda, kila mtoto aseme donge lipi litaumuka kwanza na kwa nini. Anayedhani kuwa moto ukizidi na kazi huzidi ana hoja, na hapo ndipo penye utamu, maana baada ya saa moja hivi donge la uvuguvugu limefura, la baridi linajikokota, na la moto liko vilevile. Hamira ni kuvu hai wa seli moja. Hula sukari na kutoa kaboni dioksaidi, gesi inayoumua mandazi, na joto likifika nyuzi 60 hivi hufa. Tena lile donge la baridi likiachwa likae, nalo huumuka. Mtoto anaona kwa macho yake kwamba baridi ilichelewesha na moto uliua.

Wapo watakaosema watoto wadogo hawawezi kutenganisha sababu moja na nyingine. Ni kweli, Jean Piaget aliuweka uwezo wa kupanga majaribio ya namna hiyo kwenye umri wa miaka 11 au 12. Lakini hapa anayepanga ni mtu mzima. Mtoto anabashiri na kulinganisha tu. Kuhusu kupoteza chakula, madonge mawili huwa mandazi, la tatu chapati. Pingamizi zito ni la mzazi anayeogopa kuulizwa asichokijua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu, ulioingia kwenye friji ukiwa wa moto, umeganda kabla ya wa mwenzake. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Mwanafizikia Denis Osborne, Mpemba alipomuuliza, naye hakuwa na jibu, lakini alitaka jambo hilo lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo. Basi mtoto akiuliza kama chumvi nyingi nayo inaizuia hamira, mzazi asihangaike kutafuta jibu. Wakande donge la nne.