Neno "Kuweka" na Neno Linalolifuata

Ndugu msomaji, neno "kuweka" halikupi taabu hata kidogo. Unaweka sufuria mekoni, unaweka jembe pembeni, unaweka maji mtungini. Ni kitenzi cha kila siku. Lakini kitenzi hiki kina tabia yake: kikifuatwa na neno fulani, maana inageuka kabisa. Siku hizi karatasi za mikopo zinafika mpaka vijijini. Kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili, maana kukosea neno moja kwaweza kumpotezea mtu shamba lake.

Hebu soma sentensi hizi tatu polepole:

1. Juma ameweka akiba magunia 10 ya mahindi.
2. Juma ameweka amana magunia 10 ya mahindi kwa jirani.
3. Juma ameweka rehani magunia 10 ya mahindi kwa jirani.

Juma ni yule yule, na magunia ni yale yale. Je, habari ni moja? La, hasha!

Katika sentensi ya kwanza, Juma amejiwekea mahindi yake ya baadaye. Katika ya pili, amempa jirani amtunzie. Mahindi bado ni ya Juma, na akiyataka jirani lazima ayarudishe. Katika ya tatu, Juma amekopa. Mahindi yamefungwa na deni. Akilipa, atayapata, asipolipa, mdai anaweza kuyauza ili apate haki yake. Kumbe neno moja tu, na magunia yanaweza kwenda!

Tuongeze maneno mengine mawili. "Kuweka dhamana" ni kutoa ahadi au mali ili mkopeshaji awe na uhakika. Ukimwekea mwenzako dhamana, basi yeye asipolipa, wewe utadaiwa. Usiseme, "Lakini fedha sikula mimi." Na "kuweka sahihi" si kuchora jina tu. Sahihi yako, au dole gumba lako, inasema: nimesoma, nimeelewa, nimekubali. Ukija kusema baadaye kwamba hukuelewa, karatasi itakushinda.

Yako mengine tunayoyasema kila siku bila kufikiri. Kuweka nadhiri ni kumwahidi Mungu jambo. Kuweka miadi ni kupatana siku au saa ya kukutana. Kuweka wazi ni kueleza bila kuficha. Na mtu akikuambia polisi wamemweka fulani ndani, si unajua? Humwulizi ni ndani ya nyumba gani.

Mambo haya si ya Kiswahili peke yake. Ninyi mnaojifunza Kiingereza mtakutana na kitenzi "put", yaani kuweka. Lakini "put on" ni kuvaa nguo, "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, na "put up with" ni kuvumilia. Anayetafsiri neno moja moja atapotea njia.

Basi, ukiletewa karatasi, fanya hivi. Kwanza, ukiona "anaweka", "imewekwa" au "amemwekea", usikimbie. Soma neno linalofuata, na ikibidi soma sentensi nzima mara mbili, kwa maana neno hilo wakati mwingine limekaa mbali: "Mkopaji anaweka shamba lake la ekari 3, pamoja na miti iliyomo, kuwa dhamana." Aliyeishia kwenye "ekari 3" hajasoma kitu. Pili, jiulize: mali hii sasa ni ya nani, na nisipolipa itakwenda kwa nani? Tatu, kama jibu hulioni, usiweke sahihi. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, isomeni pamoja na mwenzako.

Na mwenzako huyo asiachwe nyuma. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mke au mume kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Kwa hiyo mama, ukiambiwa, "Weka dole hapa, ni mambo madogo tu," nawe omba usome kwanza.

ZOEZI

Fanyeni katika kikundi, kisha someaneni majibu.

(a) "Asha amemwekea kaka yake dhamana ya mkopo." Kaka asipolipa, nani atadaiwa?
(b) "Mzee ameweka amana fedha zake benki." Fedha ni za nani?
(c) "Nyumba imewekwa rehani." Deni lisipolipwa, nini kinaweza kutokea?
(d) Tungeni sentensi mbili zenye "kuweka wazi" na "kuweka akiba".