Makanyagio ya Baiskeli: Kuyafungua na Kuyatengeneza Katika Pemba

Neno kanyagio limetoka katika kitendo kanyaga, kama fagio lilivyotoka katika fagia. Nalo latosha kabisa kutaja mahali ambapo mwendesha baiskeli huweka mguu wake. Walakini mafundi wengi husema pedeli, wala hatuoni sababu ya kuwagombeza. Kile chuma kirefu kitokacho kwenye ekseli ya katikati hadi penye kanyagio huitwa krenki, na kipini kinachoikaza krenki juu ya ekseli huitwa kotapini. Maneno haya yametokana na Kiingereza, yakaja pamoja na vyombo vyenyewe. Parafujo ni neno kongwe zaidi, lililoachwa na Wareno kabla baiskeli haijabuniwa mahali popote duniani.

Wasomaji wa bara huenda wakadhani kuwa kisiwa ni nchi tambarare. Pemba sivyo, ni vilima na mabonde yanayofuatana, na mtu atokaye Mgogoni na gunia la muhogo au la karafuu juu ya keria hawezi kupanda ila kwa kusimama juu ya makanyagio. Hapo uzito wote wa mwili wake huangukia krenki moja, kisha nyingine, na kila krenki imeshikwa na kotapini moja ambayo katika baiskeli za namna ya Kiingereza unene wake kwa kawaida ni milimita 9.5 tu. Tena hewa ya chumvi huleta kutu. Si ajabu basi kwamba makanyagio na krenki humrudisha mtu kwa fundi mara kwa mara. Na krenki ikiharibika wakati wa mavuno, mzigo hulala shambani au hubebwa kichwani.

Jambo tunalotaka hasa kulieleza ni la lugha na la ufundi pamoja. Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba kugeuza spana kulia ni kukaza, na kushoto ni kulegeza. Kwa nati na parafujo nyingi ni kweli. Lakini kanyagio la upande wa kushoto, yaani upande usio na mnyororo, meno yake yamechongwa kinyume. Kijana ashikaye fundisho lake huligeuza kushoto, naye kumbe analikaza. Likikataa, huongeza nguvu. Likizidi kukataa, huchomeka bomba kwenye mpini wa spana ili apate urefu. Mwisho wake ni ama bapa za kushikia spana zimelika, ama meno ya tundu la krenki yamevunjika, na chombo kilicholetwa kwa kazi ndogo kimekuwa na ugonjwa mkubwa.

Kosa hapa si la kijana peke yake; maneno kulia na kushoto ndiyo yanayompoteza. Twaona ni heri kuyaacha kabisa, tukasema mbele na nyuma, kwa kuwa baiskeli, kama mnyama, ina kichwa na mkia usiobadilika. Spana ikisimamishwa wima juu ya kanyagio, ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma walegeza. Ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele wakaza. Kanuni hii ni moja kwa pande zote mbili. Wakati wa kulegeza, krenki nayo itataka kurudi nyuma bure bila kuzuiwa na mnyororo. Kwa hiyo msaidizi aishike krenki ya pili kwa nguvu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini watengenezaji walitaka kutusumbua hivi? Twaa kalamu, uishike katika ngumi iliyolegea, kisha uizungushe ncha yake kwa kidole cha mkono wa pili ili ichore duara. Utaona kalamu yenyewe ndani ya ngumi inageuka kinyume cha duara hilo. Ndivyo ilivyo kwa ekseli ya kanyagio. Mguu husukuma chini, krenki inazunguka, na kwa ule uwazi mdogo ulio kati ya meno ekseli hujiviringisha kidogo kidogo ndani ya tundu lake. Kama meno ya kushoto yangechongwa kama ya kulia, kanyagio lingejilegeza njiani. Kwa kuwa yamegeuzwa, kila safari hulikaza. Ndiyo maana kanyagio la zamani huwa gumu kufunguka. Likianguka lenyewe mwendoni, basi mara nyingi ama halikukazwa vizuri tangu mwanzo, ama gololi zake zimekosa grisi hata zikakwama, na mguu umelifungua kwa nguvu.

Sasa kotapini. Dalili ya kulegea kwake ni kishindo kinachosikika mara mbili katika kila mzunguko, na mguu huhisi kama krenki yachelewa kufuata. Kipini hiki kimekatwa upande mmoja kwa mshazari, nacho hushika kwa kubanwa kama kabari. Nati iliyo mwishoni kazi yake ni kukizuia kisirudi tu. Wanaojaribu kukivuta kwa nati huvunja meno yake. Kukitoa, legeza nati mpaka iwe sawasawa na ncha ya kipini, ili nyundo isipanue meno. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, weka chini ya krenki kipande cha bomba kilichosimama ardhini, kipini kikielekea ndani ya tundu la bomba. Pigo likikosa kitu cha kulipokea chini, hupokelewa na gololi za ekseli na vikombe vyake, navyo havikuumbwa kwa nyundo. Piga pigo moja zito kuliko kumi hafifu.

Kipini kipya huchongwa kwa tupa mpaka ubapa wake ulale sawa na ubapa wa ekseli. Viwili hivi huingizwa kwa namna moja: ukiielekeza mbele krenki ya kulia, kisha ya kushoto, nati iwe juu katika zote mbili, au chini katika zote mbili; visipofuatana hivyo, krenki hazitanyooka na mwendeshaji atachechemea akiwa ameketi. Baada ya safari fupi ya kwanza kipigwe tena na nati ikazwe, maana chuma hukaa mahali pake polepole.

Limebaki tundu lililokwisha kuharibika. Kanyagio la kawaida lina unene wa inchi 9/16 na meno 20 katika kila inchi. Mwenye mashine aweza kupanua tundu, kutia pete ya chuma, na kuchonga meno mapya ndani yake. Vijijini, kazi ya kawaida ni kulichomea kanyagio kwenye krenki. Hatuidharau, kwa maana humfikisha mtu sokoni siku ileile. Ila mwenye chombo aambiwe mapema kwamba siku kanyagio lile litakapochakaa, atanunua na krenki.